Ugonjwa wa kutetemeka: dawa ipo, kwa nini haifiki kijijini?

Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakiwatafuta watu wenye ugonjwa wa Parkinson. Katika eneo lenye wakazi wapatao 161,000 waliwapata wagonjwa 33. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Ukiitazama idadi hiyo peke yake, unaweza kusema huu ni ugonjwa adimu, usio na haja ya kutusumbua.

Lakini jambo zito lilikuwa jingine. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao walikuwa hawajawahi kutambuliwa na mhudumu yeyote wa afya, wala hawajawahi kutibiwa. Na hapo tunazungumzia wilaya iliyo jirani na mji wa Moshi, ilipo hospitali ya rufaa ya kanda ya KCMC. Kama hali ilikuwa hivyo kwa watu wanaoishi karibu na hospitali kubwa, fikiria aliye mbali na barabara ya lami.

Dawa kuu ya ugonjwa huu imejulikana tangu miaka ya 1960. Haiponyi, lakini humwezesha mgonjwa kutembea, kula na kuvaa mwenyewe kwa miaka kadhaa zaidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Katika makala hii tunaangalia inakwama wapi kabla ya kumfikia mzee wa kijijini, na nini kinaweza kufanyika.

Ni ugonjwa gani huu?

Jina lake limetokana na James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza kwa maandishi mwaka 1817. Katika vijiji vingi vyetu hauna jina maalumu. Watu husema tu ugonjwa wa kutetemeka.

Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia kuongoza mienendo ya mwili. Katika ugonjwa huu seli hizo hufa taratibu, na dopamini hupungua. Mtu anataka kuinua mguu, lakini mguu unachelewa kutii.

Dalili zake huanza polepole, mara nyingi upande mmoja wa mwili. Mkono hutetemeka ukiwa umepumzika mapajani, na ukinyanyuka kufanya kazi mtetemeko hupungua. Mwili hukakamaa. Hatua huwa fupi, za kuburuza miguu, na mkono mmoja hauchezi wakati wa kutembea. Uso hupoa, kama wa mtu aliyekasirika hata kama hana kinyongo na yeyote. Sauti hushuka na mwandiko huwa mdogo.

Dalili iliyo muhimu kuliko zote ni wepesi wa mwili kupungua. Kufunga vifungo vya shati, kukamua ng'ombe, kupukuchua mahindi au kubonyeza namba za siri kwenye simu huchukua muda mrefu kuliko zamani. Wapo wagonjwa ambao hawatetemeki kabisa, bali ni wazito tu. Hao ndio rahisi zaidi kuambiwa kwamba ni uzee.

Wengi hupatwa baada ya umri wa miaka 60, ingawa wapo wanaoanza mapema. Chanzo hasa hakijulikani kwa wagonjwa wengi. Umri ni sababu kubwa, na urithi unachangia kwa baadhi. Mwaka 2023 timu ya watafiti, wakiwemo wa Nigeria, Marekani na Uingereza, ilitangaza kugundua mabadiliko ya kijeni yanayoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika na yanayoongeza uwezekano wa kuugua. Kwa wakulima lipo jambo jingine la kuzingatia: tafiti katika nchi mbalimbali zimehusisha ugonjwa huu na kukaa miaka mingi karibu na baadhi ya viuatilifu, kikiwemo kiua magugu cha parakwati. Hiyo ni sababu nyingine ya kujikinga unapopulizia dawa shambani.

Hauambukizi. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa, kumbeba, na kulala naye chumba kimoja bila hofu yoyote.

Uadimu unaotokana na kutotazamwa

Tuchukue hesabu ya Hai. Wagonjwa 33 kwa watu 161,000 ni wastani wa wagonjwa 20 kwa kila watu 100,000. Maana yake kata yenye watu 10,000 inaweza kuwa na wagonjwa wawili. Kwa nchi nzima ya Tanzania, iliyokuwa na watu milioni 61.7 katika sensa ya 2022, makadirio ya namna hiyo yanafika wagonjwa wapatao 12,000. Haya ni makadirio ya kutusaidia kuelewa ukubwa tu, kwa sababu wilaya hazilingani kwa idadi ya wazee.

Wagonjwa wawili kwa kata ni wachache. Tabibu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na mgonjwa hata mmoja anayejua ni wa Parkinson. Neno la kuangalia hapo ni "anayejua". Huenda aliwaona, ila aliwapa dawa ya maumivu ya viungo au ya presha, akawaambia wapumzike.

Ndani ya familia nako ugonjwa hupewa majina mengine. Utafiti mwingine uliofanyika hukohuko Hai, na kuchapishwa mwaka 2011, uliwahoji wagonjwa, walezi wao, waganga na wahudumu wa afya. Ulionyesha kuwa uelewa wa ugonjwa huu ni mdogo. Wengi waliuona kuwa ni sehemu ya uzee, na wengine waliutafsiri kwa imani za kurogwa.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mgonjwa huyu hakuficha kitu. Mkono wake ulitetemeka kanisani, msikitini, sokoni na kwenye mkutano wa kijiji. Waliomtazama ndio hawakujua wanachokiona, na wengine walidhani amelewa.

Wataalamu wa kuutambua nao ni wachache. Takwimu za WHO za mwaka 2017 zilionyesha kwamba katika nchi za kipato cha chini kuna takriban mtaalamu mmoja wa magonjwa ya mfumo wa fahamu kwa kila watu milioni moja. Katika nchi tajiri ni 71 kwa idadi hiyohiyo ya watu. Na hao wachache tulio nao wako zaidi kwenye hospitali za miji mikubwa.

Mzunguko unaoifunga dawa

Dawa tunayoizungumzia inaitwa levodopa. Ikifika kwenye ubongo hugeuka kuwa dopamini, ile kemikali iliyopungua. Kwa kawaida huchanganywa katika kidonge kimoja na karbidopa, inayozuia levodopa isiishie njiani mwilini kabla ya kufika kwenye ubongo, na kupunguza kichefuchefu.

Kwa nini haiko zahanati? Kwanza, orodha ya taifa ya dawa muhimu hupanga dawa kwa ngazi. Ziko za zahanati, za kituo cha afya, za hospitali ya wilaya, za rufaa na za kibingwa. Dawa iliyopangiwa ngazi ya juu haishuki chini, hata kama mgonjwa anaishi hukohuko chini.

Pili, vituo huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa kwa kuangalia kiasi kilichotumika miezi iliyopita. Utaratibu huu una maana kwa dawa za malaria au za maambukizi, maana kituo kinajua kilitumia kiasi gani. Lakini dawa ambayo haijawahi kuandikwa haina matumizi, na isiyo na matumizi haiombwi.

Hapo ndipo mzunguko unapojifunga. Mgonjwa hatambuliwi, kwa hiyo haandikiwi dawa. Haandikiwi, kwa hiyo dawa haiagizwi. Dawa haipo, kwa hiyo hata tabibu aliyesoma habari zake hana sababu ya kuitafuta dalili yake, kwani atampa nini mgonjwa? Mgonjwa anarudi nyumbani na hahesabiwi. Mwaka unaofuata vitabu vya kituo vinaonyesha ugonjwa huu haupo, na bajeti inapangwa kwa kufuata vitabu hivyo.

Maduka binafsi nayo hufuata faida. Maduka ya dawa muhimu ya vijijini yanaruhusiwa kuuza orodha maalumu tu, na famasia za mjini hazipendi kuweka rafuni dawa ya wateja wawili. Hivyo mwenye cheti mkononi huambiwa ajaribu Moshi, Arusha, Mwanza au Dar es Salaam.

Badala ya levodopa, wakati mwingine kinachopatikana ni benzheksoli, dawa ya bei ndogo inayokuwepo katika kliniki za afya ya akili. Hupunguza mtetemeko kwa baadhi ya watu, lakini haisaidii sana uzito wa mwili, na kwa wazee inaweza kuleta kuchanganyikiwa, kinywa kukauka na shida ya haja ndogo. Mzee aliyeanza kuona vitu visivyokuwepo baada ya kupewa dawa anahitaji kurudishwa kwa aliyemwandikia, kabla familia haijatafuta maelezo mengine.

Hesabu ya nyumbani

Levodopa humezwa kila siku, mara nyingi mara tatu au zaidi, kwa maisha yote. Mara tatu kwa siku ni vidonge 90 kwa mwezi na zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Tufanye mfano: kama kidonge kimoja kingeuzwa shilingi 500, mwezi mmoja ungegharimu shilingi 45,000, kabla ya nauli ya bodaboda na basi kwenda mjini na kurudi. Hapo weka na chakula cha njiani cha watu wawili, kwa sababu mgonjwa wa aina hii hasafiri peke yake.

Sasa linganisha na bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya hadi watu sita, nje ya Dar es Salaam. Katika mfano wetu, vidonge vya mgonjwa mmoja kwa mwezi mmoja vinazidi mchango wa mwaka mzima wa familia nzima. Ndiyo maana ni muhimu kujua kama dawa hii imo ndani ya kifurushi au mgonjwa ataambiwa akainunue nje.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilianza kutumia mfumo mpya wa SHA Oktoba 2024. Hizi ni hatua kubwa. Hata hivyo kadi ya bima hulipia dawa iliyopo, haileti dawa isiyokuwepo. Vivyo hivyo na msamaha wa wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya wazee wasio na uwezo kutibiwa bila malipo, na hospitali nyingi zimeweka dirisha la wazee. Mzee akifika dirishani na kuambiwa dawa yako hatuna, ule msamaha umemsamehe kulipia kitu ambacho hakukipata.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi popote. Mgonjwa aliyekakamaa anahitaji mtu wa kumgeuza usiku, kumlisha na kumpeleka chooni. Mara nyingi huyo ni mke, binti au mkwe, naye huacha shamba au biashara. Mwezi mmoja wa dawa unaweza kumrudisha kazini mtu huyo. Hesabu hiyo haionekani kwenye bajeti ya halmashauri, lakini familia inaijua.

Je, dawa ichelewe ili isichoke?

Lipo wazo lililosambaa hata kwa baadhi ya wahudumu kwamba levodopa isianzishwe mapema, kwa sababu baada ya miaka kadhaa huanza kuleta shida. Ni kweli kwamba baadaye wagonjwa wengi hupata mabadiliko: dawa huisha nguvu kabla ya saa ya dozi inayofuata, au mwili huchezacheza bila kutaka.

Jibu lililo wazi lilitoka Ghana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wagonjwa 91 wa Ghana na wagonjwa wa Italia. Waghana walichelewa kuanza dawa kwa sababu haikupatikana: kwa wastani waliianza baada ya miaka 4.2 ya ugonjwa, na Waitalia baada ya miaka 2.4. Kama kuchelewa kungekuwa na faida, Waghana wangechelewa pia kupata zile shida. Haikuwa hivyo. Shida ziliwafikia watu wa pande zote mbili baada ya karibu muda uleule tangu ugonjwa uanze. Zaidi zilitokana na umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi. Muda ambao mtu ametumia dawa haukuwa sababu kuu.

Kwa lugha nyepesi, ile miaka ambayo Waghana walikaa bila dawa iliwapotea bure. Waliugua bila nafuu na hawakupata faida yoyote baadaye. Hili ni somo kwa yeyote anayemwambia mzee wa kijijini asubiri kwanza hali izidi.

Na upupu je?

Wengi wenu mnaujua upupu kwa mwasho wake. Lakini mbegu za mmea huo zina levodopa, kemikali ileile iliyo ndani ya kidonge. Waganga wa jadi wa India wameutumia kwa karne nyingi, na aina yake isiyowasha hulimwa na wakulima wetu kurutubisha udongo na kulisha mifugo.

Kwa kuwa dawa ya hospitali ni ghali, watafiti wamejaribu unga wa mbegu zilizokaangwa. Jaribio lililofanyika Bolivia na kuchapishwa mwaka 2017 lilihusisha wagonjwa 18, na lilionyesha kwamba dozi moja ya unga huo ilifanya kazi vizuri ikilinganishwa na levodopa ya kidonge. Habari hizo zilileta matumaini makubwa. Jaribio la muda mrefu zaidi, la wiki 16, lililochapishwa mwaka 2018, lilikuwa na wagonjwa 14. Nusu yao waliacha unga huo njiani, wengine kwa kusumbuliwa na tumbo, wengine kwa sababu miili ilizidi kuwa mizito.

Tunalieleza hili kwa sababu habari za upupu zinazunguka kwenye makundi ya simu kama tiba ya bure. Ukweli una pande mbili. Mmea huu una nguvu ya kweli, na huenda siku moja ukawa msaada mahali pasipo na dawa. Lakini kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, kipimo hakijulikani, na ukizidisha unaweza kuleta kutapika, presha kushuka na kuchanganyikiwa. Anayeutumia pamoja na vidonge bila kumwambia daktari anajiongezea dozi gizani. Usiuanzishe nyumbani kwa kubahatisha, na kama tayari mgonjwa wako anautumia, mwambie mhudumu wa afya bila aibu.

Nini kinawezekana bila kusubiri bingwa?

Hai haikuonyesha tatizo tu. Wagonjwa waliopatikana walianzishiwa levodopa na karbidopa, wakafuatiliwa kwa miaka mitatu, na hali yao ya kutembea na kufanya kazi za kila siku ilipata nafuu. Kwa hiyo inawezekana kabisa kumtibu mgonjwa wa Parkinson kijijini.

Hukohuko Hai, kundi la wagonjwa ambao walikuwa hawajaanza dawa lilifundishwa kutembea kwa kufuata mdundo wa sauti. Mwendo wao uliboreka. Mdundo humsaidia mtu ambaye miguu yake imeganda kuanza hatua. Nyumbani unaweza kuhesabu kwa sauti, kupiga makofi au kuimba wimbo wenye mwendo. Hili halichukui nafasi ya dawa, lakini halihitaji fedha.

Jambo la pili ni kuwafundisha walio karibu. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha Parkinson. Utambuzi hufanywa kwa kusikiliza historia na kumtazama mgonjwa akitembea, akigonga vidole na akiinuka kitini. Tabibu wa zahanati na muuguzi wanaweza kujifunza kushuku na kutoa rufaa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayepita nyumba zote, anaweza kufundishwa maswali machache tu. Bingwa wa hospitali ya rufaa anaweza kuthibitisha na kupanga dozi, halafu mgonjwa achukulie dawa karibu na kwake, kama tunavyofanya kwa kisukari na presha.

Jambo la tatu ni kuvunja ule mzunguko wa maagizo. Halmashauri haihitaji maelfu ya makopo. Inahitaji kujua ina wagonjwa wangapi kwa majina, kisha hospitali ya wilaya iagize dawa za hao, hata wakiwa 15, na isisubiri takwimu za matumizi ambazo hazitakuja zenyewe.

Ahadi zipo. Mei 2022 nchi wanachama wa WHO zilipitisha mpango wa dunia kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu, unaokwenda hadi mwaka 2031. Lengo lake mojawapo ni kwamba asilimia 80 ya nchi ziwe zinatoa dawa muhimu za magonjwa hayo katika ngazi ya huduma za msingi. Mwaka huohuo WHO ilieleza kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa na Parkinson, na kwamba idadi ya wagonjwa imeongezeka maradufu katika miaka 25. Pia ulianza mradi wa utafiti wa kuboresha huduma ya Parkinson katika nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo.

Kwetu kipimo cha ahadi hizi ni rahisi. Ifikapo 2031, je, mzee atachukua vidonge vyake kwenye kituo cha kata, au bado atapanda basi? Wazee wetu wanaishi miaka mingi zaidi kuliko wazazi wao walivyoishi, na ugonjwa huu hufuata umri. Wagonjwa wawili wa kata watakuwa watatu, kisha wanne.

Kama una mtu mwenye dalili hizi nyumbani

Usiamue mwenyewe kwamba ni Parkinson. Mkono unaotetemeka wakati wa kuinua kikombe, na si wakati wa kupumzika, mara nyingi ni tatizo jingine. Tezi ya koo inayofanya kazi kupita kiasi nayo hutetemesha. Udhaifu wa upande mmoja unaokuja ghafla ni dalili ya kiharusi, na huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kijana aliye chini ya miaka 40 achunguzwe kwa makini zaidi, kwa kuwa upo ugonjwa adimu uitwao Wilson, ambao madini ya shaba hujikusanya kwenye ini na ubongo, nao una tiba yake.

Beba dawa zote anazotumia, pamoja na maboksi yake. Dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, na dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, zinaweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na Parkinson. Mhudumu akizibadilisha, mgonjwa anaweza kupata nafuu bila dawa nyingine. Lakini usizikatishe mwenyewe.

Andika lini dalili zilianza, upande gani, na kazi gani za kila siku zimekuwa ngumu. Kama simu yako inapiga video, mrekodi akitembea hatua kumi, kwa ridhaa yake. Video hiyo itamsaidia daktari.

Omba rufaa ya maandishi, na uliza mambo mawili kabla ya kutoka: dawa hii inapatikana wapi karibu zaidi, na bima au msamaha wa mzee unaihusu? Afisa ustawi wa jamii wa hospitali anaweza kusaidia kuhusu msamaha.

Akianza levodopa, azingatie saa za kumeza kama alivyoelekezwa. Nyama, maharage na maziwa vikiliwa pamoja na dawa vinaweza kupunguza nguvu yake kwa baadhi ya watu, kwa hiyo ni vizuri kuimeza nusu saa au zaidi kabla ya chakula, isipokuwa ikimletea kichefuchefu. Ainuke kitandani polepole asije akaanguka. Na asiiache ghafla hata siku anapojisikia vizuri, maana kuikatisha ghafla ni hatari. Nunua nyingine kabla ya zilizopo kuisha.

Mwisho, lipeleke jambo hili kwenye kamati ya zahanati yenu na kwa mtendaji wa kijiji. Waulizeni wazee wangapi kijijini wanatetemeka au wamekuwa wazito bila kujulikana sababu, na majina yao yafikishwe kwa mganga mkuu wa wilaya. Mkipata wawili, hao wawili ndio mwanzo wa takwimu ambazo wilaya inasema haina.